Nani Mwenye Njia ya Simu ya Ofisi?



Karani mmoja amekaa ofisini kwake Mwanza, karibu na bandari. Anabonyeza tarakimu nne tu, na simu inalia juu ya meza ya mhasibu aliyeko makao makuu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya reli. Hakutumia kodi ya mkoa, hakumwomba opereta amsaidie, wala bili ya simu hiyo haitakuja ikiwa na jina la simu ya mbali. Kwake yeye ni sawasawa na kumpigia mwenzake wa chumba cha pili. Ukimwuliza simu ile imepita wapi, atacheka, kwani hilo ni jambo la mafundi.

Leo nataka kulifanya liwe jambo lake, na letu pia. Kila simu hupita njia, na kila njia ina mwenyewe. Huyo mwenye njia ndiye anayeamua nani azungumze na nani, saa ngapi na kwa bei gani. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria habari hiyo ilianza zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani, na haikuanzia katika simu za majumbani. Ilianzia katika maofisi yaliyochoka kungoja.

Tuanze na Wajerumani, maana hawakuwa watu wa kuacha mambo yaende ovyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamesimamisha mitambo ya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Haikuwa mitambo ya kila mtu. Ilikuwa ya serikali na jeshi, yaani ofisi moja kuongea na ofisi nyingine juu ya maji. Thamani yake ilionekana mwezi Juni 1915, pale Waingereza walipovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba tarehe 22 na 23. Shabaha yao kubwa ilikuwa mnara ule wa simu ya upepo. Waliuangusha, kisha wakarudi zao Kisumu. Mji hawakukaa nao, walichotaka ni kuwaziba adui zao masikio. Mwanza yenyewe ilichukuliwa mwaka uliofuata, mwezi Julai 1916.

Waingereza walipotulia katika utawala wao, njia kubwa ya mawasiliano ya ofisi ikawa ni reli. Njia ya kutoka Tabora, kilomita 378, ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamoja na mataruma na vyuma zilikuja nguzo na nyaya. Abiria aliyekaa dirishani huziona nguzo za namna hiyo kama pambo la safari, lakini reli ya njia moja haiendeshwi bila ya mawasiliano. Treni ya kwenda na treni ya kurudi hutumia chuma kilekile. Kwa hiyo stesheni masta hawezi kuiruhusu treni iondoke mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele amjibu kwamba njia ni nyeupe. Toka Isaka hadi Shinyanga, toka Malampaka hadi Malya, maisha ya watu yaliwekwa juu ya jibu hilo moja.

Katika simu za reli za aina ile ya zamani, stesheni nyingi zilikaa juu ya waya mmoja. Kila stesheni ilikuwa na mlio wake, mathalani mrefu mmoja na mifupi miwili. Ukisikia wako unanyanyua, ukisikia wa mwenzako unaendelea na kazi zako. Kama kweli kila mtu aliendelea na kazi zake bila ya kutega sikio, hilo tuwaachie wastaafu wa reli watueleze.

Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, makao makuu yakawa Nairobi. Tazama sasa ramani. Meli za ziwa zilikuwa za shirika hilohilo, na katika miaka ya 1960 zikaja MV Umoja na MV Uhuru, meli za kubeba mabehewa yenyewe. Behewa liliweza kutoka Mwanza likavuka maji hadi Kisumu. Lakini nguzo za simu hazivuki maji. Mtu ambaye angetaka kufuata nguzo za reli peke yake kutoka Mwanza hadi Kisumu ingembidi ateremke Tabora, aende Ruvu, apande Korogwe, Moshi, Voi, Nairobi na Nakuru, ndipo ashuke Kisumu. Na hata mzunguko huo umewezekana tangu mwaka 1963 tu, ilipojengwa reli ya kuiunganisha Ruvu na njia ya Tanga. Bandari mbili za ziwa moja, na kati yao kwa njia ya nyaya za reli ni kuzunguka nusu ya Afrika Mashariki.

Sasa fikiria mkulima wa pamba wa Usukuma. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda hii viliungana katika shirikisho la Victoria Federation, makao yake hapa Mwanza, akiwamo Paul Bomani katika uongozi. Pamba ilipaswa kutoka kwenye viwanda vya kuchambulia vilivyotawanyika hadi kwenye reli, na kutoka hapo hadi baharini. Aliyejua behewa liko wapi ni yule mwenye waya. Mwenye pamba ilimbidi aulize.

Na raia wa kawaida je? Huyo alikwenda posta. Aliandikisha namba anayoitaka, akakaa kwenye benchi, akangoja opereta amwite. Nyaya za mbali zilikuwa chache na watu wengi, na ingeweza kuchukua saa nyingi kabla ya jina lake kutajwa. Wenye ofisi kubwa waliliona tatizo hilohilo, ila wao walikuwa na dawa. Walikodi laini ya moja kwa moja kutoka mtambo wao wa tawi hadi mtambo wao wa makao makuu, ikawa yao usiku na mchana, itumike isitumike.

Hapa inafaa nieleze kidogo jinsi mambo yanavyofanya kazi, kwa sababu ndipo penye siri yenyewe. Mtambo wa ofisi wa zamani ulikuwa ubao wenye vishimo na kamba, yaani swichibodi, na mbele yake amekaa opereta, mara nyingi mwanamke. Bosi akisema nipatie Dar es Salaam, yeye huangalia laini ya kukodi kama iko wazi. Ikiwa ina mtu, hujaribu kupitia kwa mwenzake wa tawi la Tabora. Ikishindikana huomba njia ya posta. Njia zote za shirika alikuwa nazo kichwani mwake, na pia alijua simu ya nani ina haraka na ya nani ingoje. Kazi iliyokuja kufanywa na kompyuta baadaye ni hiyohiyo ya mama wa swichibodi, isipokuwa kompyuta haijui kwamba meneja amefiwa.

Mashine iliyoanza kumpokonya mama huyo kazi yake ilibuniwa na mzika maiti wa Kansas City huko Marekani, Almon Strowger, aliyeandikishiwa haki ya ubunifu wake mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alikasirika kwa sababu opereta wa mji wake alikuwa akipeleka simu za wafiwa kwa mshindani wake wa biashara. Iwe kweli au chumvi, kisa hicho kinaonyesha kwamba wivu juu ya nani anayeelekeza simu ni wa zamani kama simu yenyewe.

Mtu wa pili wa kumkumbuka ni Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark. Katika maandiko yake ya mwaka 1909 na 1917 alijibu swali ambalo kila mhasibu huuliza, yaani laini ngapi zinatosha. Chukua tawi la Mwanza ambalo simu zake za kwenda Dar es Salaam, ukizijumlisha, zinajaza saa nzima ndani ya saa moja ya kazi. Wengi wetu tungesema laini moja inatosha. Hesabu ya Erlang inasema laini moja itamkosesha njia mmoja kati ya kila wapigaji wawili. Laini mbili zitamkosesha mmoja kati ya watano. Tatu, mmoja kati ya 16. Nne, mmoja kati ya 65. Maana yake watu hawapigi simu kwa zamu. Hupiga wote saa nne asubuhi. Meneja anayekodi laini mbili ili abane matumizi amekwisha kuamua, hata kama hajui, kwamba mmoja kati ya watano atakataliwa au atasukumwa kwenye njia ya gharama.

Na gharama hiyo ilizaa mambo. Nani asiyekumbuka kile kikufuli kidogo kilichowekwa kwenye tundu la kuzungushia namba, ufunguo ukikaa na mkuu wa ofisi? Vijana wajanja nao waligundua kwamba ukigongagonga kwa kipimo kile kitufe cha kukatia simu, mtambo unahesabu migongo ile kama namba, na kufuli linabaki likining'inia bure. Mitambo ya baadaye iliweka kufuli hilo ndani ya kumbukumbu yake. Namba ya ndani ya mkurugenzi huruhusiwa kwenda popote, ya karani huishia mjini, na ya mlinzi huishia getini. Kwa hiyo mtambo hauangalii tu namba unayoitaka. Huangalia pia wewe ni nani.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mali ziligawanywa: MV Victoria na MV Umoja zikabaki kwetu, MV Uhuru ikabaki Kisumu. Reli ikawa na shirika letu wenyewe, posta na simu kadhalika. Mtandao uliokuwa na kichwa chake Nairobi ulikatwa shingo, na kila nchi ikatafuta kichwa kingine. Hata hivyo kitu kimoja kilinusurika ambacho wengi hawakukiona. Katika simu za umma, Kenya iliendelea kupigiwa kutoka kwetu kwa kuanza na 005 na Uganda kwa kuanza na 006, badala ya kodi ndefu za kimataifa. Wanasiasa waligombana, lakini tarakimu ziliendelea kukumbuka ujirani.

Katika miaka ile ya shida, shirika la umeme nalo lilipata njia yake. Njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 220 ilifika Mwanza kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenye mitambo ya umeme duniani walikwisha kujua tangu miaka ya 1920 kwamba waya uleule unaobeba umeme unaweza kubeba sauti ya mtu, ikipandishwa kwenye mawimbi ya kasi kubwa zaidi. Ukipita karibu na kituo kikubwa cha kupozea umeme ukaona vitu kama mapipa ya nyaya vimening'inia juu ya mstari, kazi yake ni kuzuia sauti hiyo isipotelee ndani ya transfoma. Mhandisi wa zamu hakuweza kungoja benchi la posta huku mkoa mzima uko gizani, kwa hiyo shirika la namna hii lazima liwe na simu yake. Sina ugomvi na hilo. Nasema tu kwamba ilikuwa njia nyingine nzuri iliyopita juu ya vichwa vya wanakijiji wasio na simu wala umeme.

Mitambo ya kompyuta ilipoingia maofisini, kazi ya kuchagua njia iliandikwa katika majedwali. Tarakimu ya kwanza inataja tawi, zinazofuata zinataja meza. Njia ya kwanza ikijaa, jaribu ya pili. Usiku tumia hii, mchana ile. Inaonekana rahisi mpaka matawi yawe mengi. Hapo hutokea kichekesho. Mtambo wa Mwanza umeambiwa ukishindwa upeleke Shinyanga. Wa Shinyanga umeambiwa ukishindwa upeleke Tabora. Na fundi wa Tabora, bila ya kuwauliza wenzake, ameandika kwamba ukishindwa peleka Mwanza. Simu moja ya mtu mmoja huzunguka pembetatu hiyo ikishika laini baada ya laini, mpaka mtandao mzima umejaa na hakuna aliyezungumza na yeyote. Dawa yake ni kuipa kila simu hesabu ya mitambo iliyovuka, na ikifika kiwango fulani ikatwe. Lakini ili mitambo ihesabiane hivyo lazima isikie lugha moja, na kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama cha watengenezaji wa Ulaya, ECMA, kilitoa lugha ya pamoja inayojulikana kama QSIG. Kabla ya hapo ofisi iliyonunua mtambo wa kiwanda fulani makao makuu ilijikuta imefunga ndoa. Matawi yote yalilazimika kununua kwa yuleyule.

Katika miaka ya 1990 Mwanza ikawa mji wa sangara. Viwanda vya minofu vilijipanga ufukweni, na wanunuzi wako Ulaya. Ulaya ilipofunga milango mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa hofu ya samaki wa sumu, mwenye kiwanda alihitaji kupata habari siku hiyohiyo, siyo kesho. Kisha ikaja dhahabu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Kampuni za madini za ukubwa huo kote duniani huweka sahani ya setilaiti, na namba ya ndani ya mgodini huweza kuwa tawi la mtambo ulioko ng'ambo.

Setilaiti ina ila yake. Inakaa juu kama kilomita 36,000, na sauti kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde. Ukimpigia jirani yako aliye kwenye sahani nyingine, na simu ikapitia kituo cha Ulaya, sauti hupanda mara mbili na kushuka mara mbili; ni nusu sekunde kabla hajakusikia, na nusu nyingine kabla ya jibu. Watu wawili walio umbali wa saa chache kwa basi hukatizana maneno kama wanaogombana. Ndiyo maana mafundi huandika katika majedwali kwamba simu isivuke setilaiti mbili.

Sasa tufike penye ugomvi wenyewe. Simu ikitoka ofisi ya Dar es Salaam kwa njia ya binafsi ikafika mtambo wa Mwanza, hakuna kitu cha kiufundi kinachouzuia mtambo huo kuitoa nje mjini kama simu ya hapahapa. Mtu amepiga simu ya mbali kwa bei ya simu ya mtaani. Ukifanya hivyo kutoka London, faida ni kubwa zaidi, na mwenye njia ya umma amepitwa pembeni. Shirika la Posta na Simu lilikwisha kugawanywa mwaka 1994, na TTCL ilipouza asilimia 35 ya hisa mwaka 2001 kwa Detecon ya Ujerumani na MSI ya Uholanzi, iliahidiwa kuwa peke yake katika simu za mezani kwa miaka minne, hadi Februari 2005. Wakati huo intaneti ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu kwamba sauti ni data kama data nyingine. Ofisi iliyokuwa na laini ya data haikuona kwa nini ilipe tena kwa maneno yanayopita ndani ya laini hiyohiyo.

Maoni yangu, na naomba nisieleweke vibaya, ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki. Mkubwa akipata njia yake ya chini kwa chini, anayebaki kulipia nguzo za umma ni mdogo, na mtu wa Ukerewe atangoja zaidi. Lakini ulinzi huo pia uliwakinga waliokuwa wakituuzia huduma ya polepole kwa bei ya juu, na sikuona benchi la posta likipungua urefu kwa ajili yake. Mwaka 2005 milango ilifunguliwa kwa mfumo mpya wa leseni. Mwaka 2006 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili kampuni zichangie njia za mahali pasipo na faida. Kupitisha simu kwa magendo hakukuisha. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka mitambo ya kuzifuatilia simu, zikiwamo zile za kutoka nje zinazovishwa sura ya simu za ndani.

Halafu likatokea jambo ambalo binafsi lilinifurahisha. Serikali ilipojenga Mkongo wa Taifa, kuanzia mwaka 2009, kwa mkopo wa China, haikuchimba kila mahali. Sehemu ya njia ilitumia nyuzi za kioo zilizomo katika waya wa juu kabisa wa minara ya umeme ya TANESCO. Njia iliyokuwa ya ofisi moja ikabeba maneno ya watu wote.

Lakini karani wetu wa bandarini bado ana swali la kujibu. Ofisi nyingi siku hizi zimeacha kununua mtambo na kuuweka chumbani. Zinakodi nafasi katika kompyuta iliyoko mbali, pengine nje ya Afrika, na kompyuta hiyo ndiyo inayounganisha meza na meza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini mwa pwani yetu, na intaneti Tanzania ikayumba vibaya. Siku kama hiyo, ofisi ya Mwanza yenye mtambo wake ng'ambo huweza kushindwa kupiga simu Dar es Salaam, ingawa nyuzi za kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni nzima kabisa. Huweza kushindwa hata kupiga simu kutoka ghorofa ya kwanza kwenda ya pili. Karani akitaka kuzungumza na mwenzake wa chumba cha pili, itambidi anyanyuke kwenye kiti akagonge mlango.